Kenchi za kiwandani ni kitu gani, na kwanini hazibebwi kama mbao za kawaida

Ukipita Madale au Goba hapa Dar asubuhi unakuta nyumba tatu nne zinapauliwa kwa pamoja, fundi kakaa juu ya ukuta miguu inaning'inia, misumari ya nchi nne ameibana mdomoni, chini dogo anampandishia mbao ya mbili kwa nne, na kenchi inazaliwa palepale hewani. Hiyo ndio kenchi tunayoijua wengi. Sasa kuna hii nyingine inayoshushwa na Fuso ikiwa imeshakamilika, pembetatu nzima, viungo vimebanwa na vipande vya bati, na watu wanaipokea kama vile ni mbao tu ambazo mtu mwingine amezigonga mapema. Hapo ndio shida inapoanzia.

Tuanze chini kabisa. Kenchi ni ile fremu ya pembetatu inayobeba paa. Mbao mbili za juu zinazofuata mteremko ni rafta, ile ya chini inayozifunga miguu zisitanuke ni taibimu, na zile za katikati zinazopanda na kushuka kama herufi W ni strati na wenzake. Ujanja wote upo kwenye pembetatu. Chukua vijiti vinne ugonge mraba, msumari mmoja kila kona, ukiusukuma unalala upande, lakini vijiti vitatu havilali mpaka kijiti kivunjike au kiungo kifumuke. Ndio maana mbao nyembamba za paini zinavuka mita 10 bila nguzo katikati. Bati likikaa juu, rafta zinakandamizwa, taibimu inavutwa, strati baadhi zinakandamizwa na baadhi zinavutwa, kila moja na zamu yake.

Kiwandani mbao inakatwa kwa mashine ikiwa na pembe kamili, zinapangwa mezani, halafu kila kiungo kinawekewa pleti mbili za chuma cha galvanaizi, moja mbele moja nyuma, zenye meno mengi madogo yaliyochongwa kutoka kwenye pleti yenyewe, presi inakandamiza mpaka meno yote yanazama. Kiungo kimeisha, hakuna msumari. Pleti za namna hii zilianzia Florida, Marekani, miaka ya 1950, na anayetajwa sana ni John Calvin Jureit aliyetoa pleti ya Gang-Nail mwaka 1955, ambayo meno yake yalitosha bila kuongezewa misumari. Kutoka hapo zikaenea Uingereza, Afrika Kusini na kwingineko. Sisi huku Dar bado wengi tunagongea site, na wengine siku hizi wameruka moja kwa moja kwenye kenchi za chuma chepesi.

Tofauti kubwa ni kwamba kenchi ya fundi ina mbao za ziada kila mahali kwa sababu fundi anakadiria kwa jicho na uzoefu, anaweka mbili kwa sita kumbe mbili kwa nne ingetosha, akiona panacheza anaongeza kipande. Ya kiwandani imepigiwa hesabu kila mbao na kila pleti, hakuna kilichozidi sana. Unachonunua hasa ni hesabu ya injinia iliyovaa mbao. Na hesabu inategemea ulichomwambia.

Unamwambia nini? Kwanza upana, na upana usiusome kwenye ramani ya nyumba, subiri lenta (ule mkanda wa zege juu ya kuta) imwagwe kisha upime ukuta kwa ukuta, nje kwa nje, sehemu zaidi ya moja, maana wote tunajua kuta zetu. Nimeona nyumba ambayo mbele ina mita 9.60 na nyuma ina 9.72, na kila mtu alikuwa anaapa ni 9.60. Mteremko nao utaje kwa digrii. Fundi wetu anaongea kingposti, ile mbao ya wima ya katikati, futi ngapi na anaelewana vizuri tu na fundi mwenzake, ila kiwanda kinataka digrii, nyumba ya mita 10 yenye digrii 30 kilele chake kinapanda karibu mita 2.9 juu ya ukuta na yenye digrii 25 kinapanda kama 2.3, sio kitu cha kukisia. Halafu urefu wa pua inayotoka nje ya ukuta, nafasi kati ya kenchi na kenchi, dari utapiga jipsam au siling bodi, na kama kuna tanki au sola ya maji moto inakaa juu. Tanki la lita 1000 likijaa ni tani moja, hiyo huwezi kumwambia mtu baadae.

Kubwa kuliko yote ni unaezeka nini. Bati la kawaida la msauzi mita moja ya mraba haizidi kilo 5, vigae vya zege vinafika kilo 45 mpaka 50. Chukua paa la mita za mraba 150, bati ni kama robo tatu ya tani, vigae vinakaribia tani 7. Kuna mteja mmoja, mzee mstaafu, kenchi zimeshafika site kwa ajili ya bati, akatembelea nyumba ya rafiki yake Mbweni akarudi anasema, "Fundi, nimeghairi, mimi nataka vigae kama vya mwenzangu." Fundi nae bila wasiwasi, "Hamna shida mzee, tunaongeza papi tu." Papi! Zile mbao nyembamba za kupigilia bati! Yaani mzigo umezidi karibu mara kumi na dawa ni kuongeza papi. Ilibidi tuwapigie waliochora, jibu likawa kenchi zile haziwezi, mzee akanuna wiki nzima kisha akarudi kwenye bati, la rangi aliyoipenda angalau.

Upande wa pili wa bati ni upepo. Paa jepesi tatizo lake kubwa huwa ni kunyanyuliwa, na tuliopo karibu na bahari tunajua kusi ikiamua. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika Mafia watu wa pwani wote walikuwa wanaangalia juu. Kwahiyo mwambie mchoraji nyumba ipo wapi, uwanda wazi wa Kigamboni sio sawa na uchochoro wa Sinza, na uliza kenchi itafungwaje kwenye ukuta. Misumari miwili ya kushindilia mshazari haitoshi, panatakiwa mikanda ya chuma au bolti zilizolala ndani ya lenta tangu zege linamwagwa.

Mbao zenyewe pia zina maneno. Paini nyingi tunazotumia zinashuka kutoka Mafinga, shamba la Sao Hill, na Njombe, na nyingine zinafika Buguruni bado nzito kwa maji. Kenchi ya misumari inavumilia kiasi, msumari ni mrefu. Meno ya pleti ni mafupi, sentimita moja hivi, mbao ikikauka ikasinyaa meno yanaanza kutoka yenyewe taratibu. Wamarekani wanataka unyevu usizidi asilimia 19. Kile kipimo cha kuchomeka kwenye mbao kikusomee unyevu sio cha gharama kubwa, omba wapime mbele yako, asiyekuwa nacho basi hata hiyo presi yake naitilia mashaka. Kuhusu dawa, ile mbao ya kijani mara nyingi imetibiwa kwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki, mchwa haigusi, ila vipande vinavyobaki site mama ntilie asivipikie, moshi wake ni sumu kweli kweli na majivu pia. Hili nalisema kila site na kila site nakuta sufuria juu ya vipande vya kijani.

Sasa kuzibeba. Kenchi ina nguvu ikiwa imesimama, basi. Ilale ubavu inakuwa kitu kirefu chembamba kinachoyumba kama mkeka, na kinachoumia ni viungo. Kuna site ya Kibada, gari liliishia barabarani kwa sababu ya mchanga, zikashushwa kenchi 18 za mita 8 na vijana wanne wakaanza kuzibeba zimelala kichwani, wawili mbele wawili nyuma, katikati inashuka inapanda kila wakipiga hatua. Nikasikia sauti kama mtu anavunja vidole, ta, ta, ta. Ni meno ya pleti hayo. Ziliposhushwa nikachukua kadi ya benki nikaipitisha chini ya pleti ya katikati ya taibimu, ikaingia nusu. Kwa macho tu pale huoni kitu, pleti inang'aa vizuri, mbao haijapasuka, lakini kile kiungo kimepoteza sehemu ya kazi yake. Nikakagua zote kwa kadi ile ile, tatu zilikuwa hivyo. Vijana wala hawakuwa na kosa, hakuna aliyewaambia, wao walibeba kama wanavyobeba mbao miaka yote.

Zibebwe zimesimama, kilele juu, watu wameishika sehemu kadhaa za urefu wake. Zikifika hazilazwi kwenye mchanga wala tope, zinakaa juu ya matofali au magogo yaliyosawazishwa, yakiwekwa chini ya viungo, zikiwa zimesimama zimeegeshwa na kufungwa imara, au zimelala lakini sehemu ya kukalia ni tambarare na zina egemeo la kutosha. Turubai lifunike juu, pembeni paachwe hewa ipite, ukizifunga gubigubi kipindi cha masika zinatoka jasho humo ndani. Na zile kamba za chuma zilizozifunga kwa pamoja kama zimesimama usizikate kwa papara, ukikata zinaanguka zote kwa mfululizo na mtu akiwa upande huo hana pa kukimbilia.

Kupandisha kwa mikono kunawezekana kwa kenchi ndogo. Mwongozo wa Wamarekani unasema mpaka futi 20 unaweza kuinyanyua kwa kuishika karibu na kilele, mpaka futi 30 uishike sehemu mbili, robo ya urefu kutoka kila upande, ikizidi hapo tafuta winchi na boriti ya kutawanya kamba. Wengi tunapandisha ikiwa kichwa chini miguu juu halafu tunaigeuza ukutani, pale pa kuigeuza ndio panapoipinda, watu wawe wengi na waigeuze pamoja.

Kenchi ya kwanza ndio mama wa zote. Ikisimama lazima ifungwe kwa mihimili inayoshuka mpaka chini au kwenye ukuta imara, sio kamba moja ya katani, kwa sababu zote zinazofuata zinaegemea kwake. Kila inayoongezeka inafungwa kwa mbao za kupita kwenda kwenye mwenzake, na hapa watu wengi wanakosea, wanapiga mbao za kupita peke yake wanaona zimeshikana. Zimeshikana ndio, na zitaanguka zimeshikana hivyo hivyo. Bila mbao za mshazari mraba umerudi, ule tuliosema unalala ukisukumwa. Upepo wa jioni moja unatosha. Ikishasimama ipime kwa timazi na kamba, mwongozo ule ule unaruhusu kupinda ubavuni kwa urefu wake gawanya kwa 200, yaani kenchi ya mita 8 isizidi milimita 40, na hata ikiwa ndefu vipi isivuke milimita 50 hivi. Na kabla hazijafungwa zote usipandishe bati bando zima mahali pamoja.

Strati ndefu kwenye mchoro utaona baadhi zina alama, hapo panatakiwa mbao ya kuzishika ubavuni moja kwa moja, hata baada ya paa kuisha. Mafundi wanaitoa wakidhani ni ya muda ili wapate mbao ya blandaring, zile za kupigilia dari. Msiitoe.

Jambo la mwisho ambalo huku kwetu linasumbua sana ni kuta za ndani. Nyumba zetu kuta zote zinapanda mpaka lenta, na fundi akiona taibimu inapita juu ya ukuta wa korido ikiwa na uwazi wa sentimita moja mbili roho haimpi, anatafuta kipande cha mbao anagongea hapo "ipumzike". Kama kenchi ilipigiwa hesabu ya kukaa kwenye kuta mbili za nje tu, ile kabari ya katikati inabadilisha mambo yote, strati iliyotegemewa ivutwe inakandamizwa, pleti iliyowekwa ndogo inapata mzigo mkubwa. Ule uwazi uliachwa makusudi. Vivyo hivyo fundi umeme akitaka kupitisha bomba asitoboe taibimu, na fundi wa feni asikate strati kwa sababu imekaa pabaya.

Zile tatu za Kibada kiwanda hakikuruhusu tuzigongelee pleti kwa nyundo, maana meno yakishalegea shimo lake limeshatanuka. Walituma mchoro wa kurekebisha mbili, kipande cha plaiwudi kila upande wa kiungo na idadi ya misumari imeandikwa, fundi akazigonga huku ananung'unika kwamba misumari 24 kwa kiungo kimoja ni wizi. Ya tatu ilirudi kutengenezwa upya, na nauli ya Fuso kwenda na kurudi ikatutoka sisi, maana karatasi ya kupokelea mzigo tulishasaini kwamba zimefika salama, na kweli zilifika salama, mpaka barabarani.