Mchoro Kwanza, Mkasi Baadaye: Ninavyopanga Kadi na Kurasa za Albamu

Natengeneza kadi za mkono na albamu za kumbukumbu hapa Mwanga, Kigoma. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la vifaa: manila nanunua wapi, riboni zile za duka gani, gundi ipi haiachi madoa. Vifaa nitavigusa humu humu. Ila kadi nyingi ninazoletewa nizirekebishe hazina shida ya vifaa hata kidogo. Zina ua zuri, kitambaa kizuri, karatasi nzuri, na vyote vinagombania macho ya msomaji kwa sababu hakuna aliyeamua mapema kipi kiwe kikubwa na kipi kikae pembeni. Uamuzi huo ndio mchoro, na unafanywa kwa penseli kabla mkasi haujashikwa.

Nikisema mchoro simaanishi picha ya kupendeza. Namaanisha mistatili, duara na mistari michache, basi. Mtu asiyejua kuchora hata kikombe anaweza. Mimi natumia daftari la hesabu la watoto, lile lenye miraba, na kila mraba nauhesabu sentimita moja. Kadi yangu ya kawaida inatoka kwenye manila ya A4, yaani sentimita 21 kwa 29.7. Naikata katikati ya upande mrefu, napata vipande viwili vya A5. Kila kimoja nakikunja mara moja, na uso wa kadi unakuwa A6, sentimita 10.5 kwa 14.8. Bahasha yake ni C6, sentimita 11.4 kwa 16.2, kwa hiyo kadi inaingia na kutoka bila kukwaruza kingo. Daftarini, basi, kila kazi inaanza na mstatili wa miraba kumi na nusu kwa karibu kumi na tano. Ukishauchora huo, umeshajua eneo lako, kama mwenye kiwanja aliyeonyeshwa mipaka.

Mpangilio wenyewe unatoka wapi? Wengi wanachukua simu, wanatafuta kadi iliyokwisha kutengenezwa huko mbali, wanaiiga kila kitu. Siwalaumu, lakini ukiiga kadi nzima unabanwa: ukikosa karatasi ile, au ua lile, kazi imekwama. Ukichukua mchoro wake tu, yaani mistatili yake na nafasi zake, unaweza kujaza chochote ulichonacho. Na wala huhitaji kwenda mbali kutafuta mchoro. Fungua kabati, toa kanga. Pindo linazunguka pande zote nne, zito, lenye rangi nyingi. Ndani yake uko mji, ambao mara nyingi una nafasi ya kupumua. Chini ya mji liko jina, maneno yake yakiwa kwenye kisanduku chao, hayaingiliwi na ua wala nukta. Huo ni mpangilio uliokamilika. Uhamishe kwenye kadi: fremu ya sentimita 1 pande zote, ndani yake karatasi nyeupe, kitu kimoja katikati, na kisanduku cha sentimita 1.5 chini kwa ajili ya maneno. Nimetumia mchoro huo kwa kadi za Idi, za kipaimara, za mahafali, na hakuna mteja aliyewahi kusema zinafanana.

Mchoro wangu mwingine ninaoupenda umelala ziwani. Siku isiyo na ukungu, ukisimama Katonga au Kibirizi unaiona milima ya Kongo ng'ambo: anga pana juu, ukanda mwembamba wa milima, kisha maji. Kanda tatu zisizolingana. Hapo kwenye kutolingana ndipo penye siri. Gawa uso wa kadi mara tatu kwa kulala na mara tatu kwa kusimama, uone ile mistari minne inavyokatana. Kitu chako kikuu kiweke karibu na mojawapo ya makutano hayo, au ukanda wako uupitishe kwenye mmoja wa mistari hiyo. Ukipitisha ukanda katikati kabisa, kadi inagawanyika nusu mbili zinazotazamana na jicho halijui lianzie wapi. Katikati kabisa panafaa pale tu unapotaka utulivu rasmi, kama kadi ya pole.

Sasa jinsi ya kuusoma mchoro, maana hapa ndipo wanafunzi wangu wengi wanapokwama. Mstatili kwenye mchoro si lazima uwe karatasi. Unaweza kuwa kipande cha kitenge, picha, ukili uliosukwa, au ukurasa wa daftari la zamani. Duara linaweza kuwa kifungo, ua la karatasi, shanga zilizokusanywa, au muhuri. Mstari ni riboni leo, kesho ni uzi wa katani, keshokutwa ni mstari wa maneno tu. Mchoro unakwambia ukubwa na mahali. Kitu chenyewe unachagua wewe. Na mchoro mmoja ukiugeuza robo mzunguko umepata wa pili; ukiuangalia kama kwenye kioo, kushoto kuwa kulia, umepata wa tatu; ukiunyoosha uwe mraba, wa nne. Ndiyo maana natunza daftari zangu zote na sizitupi. Pembeni ya kila mchoro naandika nilichotumia, na kama kulikuwa na tatizo la unene au la rangi nalo naliandika.

Kitu ambacho lazima kiwemo kwenye mchoro tangu mwanzo ni nafasi ya kuandika kwa mkono. Chukua kadi za mchango wa harusi. Kila moja itaandikwa jina la anayealikwa kuchangia, na kamati inaandika haraka, mara nyingi usiku, kwa kalamu yoyote iliyo karibu. Katibu wa kamati moja alikuja kuangalia sampuli, akaweka kidole kwenye sehemu tupu.

"Dada, hapa pamebaki wazi. Si uongeze ua?"

"Hapo ndipo jina la mgeni litakapokaa, kaka. Shika kalamu ujaribu. Andika familia ya mzee unayemheshimu kuliko wote."

Akaandika jina refu, la watu wawili na cheo, likaenea bila kubanwa. Hakulitaja ua tena. Mimi naacha urefu usiopungua sentimita 8 na kimo cha sentimita 1 kwa jina, na naweka alama kwenye mchoro kabla ya pambo lolote. Tarehe, namba ya simu ya kupokelea michango na jina la mweka hazina vinakuwa kwenye kisanduku kingine, kwa herufi zinazosomeka na mtu mzima bila miwani.

Tuingie kwenye kadi moja hatua kwa hatua: kadi ya sendoff yenye ukanda wa kitenge, ambayo kwa Kigoma haikosi wateja, maana vitenge hapa ni vya kuchagua tu.

Mchoro wake: mstatili wa A6 uliosimama. Ndani yake mstatili mweupe wa sentimita 9.5 kwa 13.8, kwa hiyo pambizo la nusu sentimita linabaki pande zote. Ukanda wa sentimita 4 unapita kwa kulala, theluthi ya chini. Kibao kidogo cha jina kimekalia ukanda, kimesogea kulia. Duara tatu ndogo kushoto mwa kibao. Basi.

Kabla ya kukunja manila, ishike kwa mikono miwili uipinde taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande mmoja utakubali kwa urahisi na mwingine utakaza. Nyuzinyuzi za karatasi zimelala kuelekea upande mmoja tangu kiwandani, na mkunjo unaofuata nyuzi hizo unakuwa laini, ilhali unaozikata unapasuka pasuka na kuonyesha weupe wa ndani, hasa kwa manila nene ya rangi. Ukiweza, kata kadi zako ili mkunjo ufuate nyuzi. Kisha weka rula kwenye mstari wa kukunjia na upitishe kalamu ya bika iliyokwisha wino, kwa kukandamiza, mara mbili. Kunja, na upitishe mgongo wa kijiko juu ya mkunjo.

Kitenge usikikate kwa kipimo chake kamili kabla ya kukibandika. Kata kipande kikubwa kidogo kuliko unachohitaji, kipige pasi, kisha paka gundi nyeupe, nyembamba kabisa, kwenye karatasi ya kawaida ya fotokopi, siyo kwenye kitambaa. Laza kitambaa juu yake, sukuma hewa kwa kiganja kuanzia katikati kwenda nje, funika kwa karatasi safi na uweke vitabu vizito juu mpaka asubuhi. Kikishakauka kinakuwa kama karatasi: unapima, unakata kwa kisu na rula ya chuma, na nyuzi hazichomoki. Ukipaka gundi moja kwa moja kwenye kitambaa inapenya mpaka juu na kuacha madoa meusi, na hilo ndilo jibu la wanaouliza gundi ipi haiachi madoa. Karibu zote zinaacha, ukizipaka vibaya.

Rangi usizitafute mbali, ziko ndani ya kitenge chenyewe. Kama kina bluu, njano na mchicha, chagua moja itawale, ya pili isindikize, ya tatu ionekane kidogo sana, labda kwenye zile duara tatu tu. Na duara ziwe tatu kweli. Mbili zinasimama kama macho, nne zinajipanga kama matairi; tatu zinaweza kukaa pembetatu na jicho likazunguka. Unene uangalie pia: kadi ikizidi milimita 3 au 4 bahasha inavimba na kingo zinachanika safarini. Vifungo vinene vipeleke kwenye kadi za kukabidhi mkononi.

Albamu ni kazi nyingine, ingawa daftari ni lile lile. Kadi inatazamwa kwa dakika moja, ukurasa wa albamu unarudiwa miaka. Kwa hiyo swali la mchoro linabadilika: hapa ni nani mwenye ukurasa?

Mama mmoja aliniletea picha ndogo ya marehemu baba yake, aliyefanya kazi kwenye MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa na picha nyingine za meli, na alitaka historia yote ya meli hiyo iingie: kwamba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kuunganishwa upya hapa Kigoma, ikaingia majini mwaka 1915; kwamba Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina tunalolijua. Historia nzuri, na ina haki ya kuandikwa. Nikamwuliza, "Mama, mjukuu akifungua ukurasa huu, amwone babu au aione meli?" Akasema babu. Meli tukaipa ukurasa wa pili.

Mchoro wa ukurasa wa babu ulikuwa hivi. A4 iliyosimama, kushoto sentimita 3 zimeachwa kwa kutoboa na kufungia, kwa hiyo upana uliobaki ni 18. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ikakaa juu kulia, sentimita 1.5 kutoka kila ukingo. Kushoto kwake ikabaki safu ya sentimita 6.5, na humo yakaingia maneno ya binti mwenyewe, kwa mwandiko wake: jina kamili, mahali, mwaka, na jambo moja analolikumbuka. Chini ya picha, ukanda wa sentimita 3 wa kitambaa cha shati lake la kazi ukakatiza ukurasa mzima. Sehemu ya chini kabisa ikaachwa tupu. Mama aliitazama sana hiyo sehemu tupu, na mwishowe akaikubali.

Picha ya asili sikuibandika. Iliskaniwa, nakala ikachapwa kubwa, na ya asili ikarudi kwenye bahasha ya karatasi, ikiwa imeandikwa nyuma kwa penseli laini. Kalamu ya bika inaacha mfereji unaoonekana upande wa pili. Naombeni sana, albamu zile zenye kurasa za kunata mzihamishe picha zenu mapema: gundi yake inazeeka pamoja na picha, na baada ya miaka hazibanduki bila kuchanika. Gazeti nalo usilibandike karibu na picha. Karatasi yake ina lignini nyingi, ile dutu inayoshikilia nyuzi za mti, inageuka njano ikipata mwanga na hewa, na asidi yake inahamia kwenye kitu kinachoigusa. Toa fotokopi kwenye karatasi nzuri, ibandike hiyo. Kwa picha zenyewe natumia pembe za karatasi: unakata vipande vidogo, unavikunja pembetatu, gundi inakaa kwenye pembe na picha inachomekwa tu. Inatoka siku yoyote.

Kurasa zikishapambwa, albamu inanenepa upande wa nje huku mgongo ukibaki mwembamba, na inafunguka kama mdomo. Kata vipande vya manila vya upana wa sentimita 2.5 na urefu wa ukurasa, vitoboe kama kurasa, uweke kimoja au viwili kwenye mgongo kati ya kila ukurasa na ukurasa mpaka pande zote mbili zilingane. Na kwa sisi wa Kigoma, kati ya Novemba na Aprili mvua zikiwa zimekolea, gundi ya maji inachelewa kukauka na ukurasa unajikunja upande uliopakwa. Paka kidogo, kandamiza siku mbili badala ya usiku mmoja, na usifunge albamu kwenye mfuko wa nailoni mpaka uiguse kwa mgongo wa mkono na usisikie ubaridi wowote.