Gari lililoinuliwa: shokapu ya stelingi haitibu mtikisiko

Hapa Tanga, gari lenye ekseli nzima mbele (mhimili mmoja unaounganisha tairi zote mbili) likiinuliwa springi na stelingi ikaanza kutikisika, utaambiwa ufunge shokapu mpya ya stelingi. Sikubaliani kabisa. Shokapu hiyo huficha mtikisiko tu, huku chanzo kikizidi kulika. Balansi tairi kwanza. Kisha weka hendibreki na vigingi, gari likae juu ya tairi zake. Mwenzako achezeshe stelingi kushoto na kulia, nawe tazama bushi na bolti za fito linalozuia ekseli isihame pembeni, halafu tairodi (fito za stelingi zinazogeuza tairi) na boljointi (viungo vya mpira ambapo tairi hugeukia). Penye mchezo, yaani palipolegea, ndipo penye ugonjwa. Vyote vikiwa imara, pima kasta, yaani jinsi mhimili wa kugeuzia tairi ulivyolala kuelekea nyuma: kuinua gari huipunguza, stelingi ikakosa nguvu ya kujirudisha katikati. Kabla ya hapo, tafadhali usikimbilie barabara ya Segera.