Wimbi bapa: linakumbuka uelekeo, limesahau umbali

Nenda ufukweni karibu na Jiwe la Bismarck, hapa Mwanza kando ya Ziwa Viktoria, alfajiri, kabla upepo haujaamka na maji bado yametulia. Tupa jiwe. Duara la kwanza likifika mita 1 kutoka pale jiwe lilipozama, kazia macho kipande chake chenye upana wa mita 1. Kama ungetandaza uzi kutoka ncha moja ya kipande hicho hadi nyingine, katikati yake wimbi lingekuwa limeuacha uzi kwa sentimita 13. Duara likifika mita 10, kipande chenye upana uleule kinauacha uzi kwa sentimita 1 na ushee. Tuseme jiwe lilikuwa kubwa na duara limefika mita 100: tofauti ni milimita 1 na kidogo. Mtu aliyesimama majini huko angeapa kwamba limempitia wimbi lililonyooka kama rula.

Hilo ndilo wanafizikia wanaloliita wimbi bapa, bapa ileile ya kioo bapa tulichosoma darasani. Kwenye maji huonekana kama mstari. Sauti hewani, au mwanga angani, huwa ni bamba moja nyuma ya jingine, kama mabati yaliyopangwa dukani, yote yakisonga upande mmoja kwa kasi moja. Wimbi bapa kamili halipo popote, maana lingehitaji kuenea bila mwisho. Hata hivyo ukiwa mbali vya kutosha na chanzo, unaweza kulichukua wimbi lililokufikia kuwa bapa na hesabu zako zikatoka sawasawa.

Jambo ninalotaka msomaji alishike ni kile kinachopotea njiani. Duara dogo linakwambia chanzo kiko wapi hasa: chora mistari inayokatiza mkunjo wake kwa pembe mraba, na mistari hiyo itakutana pale jiwe lilipozama. Wimbi likishanyooka, mistari inakwenda sambamba na haikutani. Wimbi limesahau umbali wa lilikotoka. Uelekeo bado linaukumbuka, na fizikia kubwa sana imejengwa juu ya kumbukumbu hiyo moja.

Anza na masikio yako. Usiku ziwani mvuvi akisikia injini ya boti asiyoiona, hugeuza kichwa taratibu mpaka masikio yote mawili yasikie sawa. Sauti iliyotoka mbali humfikia kama bamba. Bamba likija kutoka ubavuni, hufika sikio moja mapema kuliko la pili, na tofauti hiyo kwa binadamu haizidi sana sehemu 6 za sekunde iliyogawanywa mara 10,000. Ubongo unaisoma. Boti iko upande gani, anajua mara moja. Iko umbali gani, hana hakika.

Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo miwili ya LIGO nchini Marekani, mmoja Livingston na mwingine Hanford, ilifanya jambo hilohilo kwa mawimbi ya mvutano, yaani mitetemo ya anga lenyewe, yaliyotokana na mashimo meusi mawili (mabaki ya nyota yenye mvutano usioachia hata mwanga) yaliyogongana na kuungana. Mitambo hiyo imeachana kwa takriban kilomita 3,000. Wimbi lilipita Livingston kwanza, na milisekunde 7 baadaye likapita Hanford. Kutokana na tofauti hiyo, wanasayansi walipunguza eneo la kutafuta angani likabaki ukanda tu. Umbali, takriban miaka ya nuru bilioni 1.3, haukuweza kusomwa kwenye mkunjo wa wimbi, kwa kuwa mkunjo ulikuwa umekwisha zamani. Waliupata kwa kulinganisha nguvu ya wimbi lilivyofika na nguvu ambayo mgongano wa aina ile ungetoa.

Dishi la televisheni juu ya bati lako nalo linaishi kwa wimbi bapa. Setelaiti iko karibu kilomita 36,000 juu ya mstari wa ikweta. Wimbi lake likifika Mwanza, mkunjo uliobaki katika upana wa dishi la mita 1 ni mdogo kuliko unene wa unywele uliogawanywa mara 10,000. Umbo la dishi limechongwa kwa ajili ya mawimbi ya namna hii tu: yote yanayoingia sambamba yanadunda na kukutana katika nukta moja, na hapo ndipo fundi anapofunga kile kichwa kinachoitwa LNB. Ndiyo maana fundi hahangaiki na umbali wa setelaiti. Anahangaika na uelekeo, na akikosea nyuzi chache, picha inapotea.

Ukitaka kuona wimbi bapa likipinda, tazama ufukwe wowote wa ghuba yetu jioni. Mawimbi yanakuja mshazari kutoka ziwani, lakini yakikaribia mchanga yanajipanga karibu sambamba na ufukwe. Upande wa wimbi uliotangulia kufika penye maji mafupi unapunguza mwendo, na ule ulio kilindini unaendelea kukimbia, basi mstari mzima unageuka. Mholanzi Christiaan Huygens alitumia wazo hili kuueleza mwanga katika kitabu alichokichapisha mwaka 1690. Mwanga hewani huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde; ndani ya maji hushuka hadi kama 225,000, na kwa hiyo hupinda. Sato aliye mita 1 chini, ukimtazama kutoka juu yake, anaonekana yuko kama sentimita 75. Anayemlenga mshazari kwa mkuki pale anapomwona atamkosa. Ni lazima alenge chini yake.

Mwaka 1924 Mfaransa Louis de Broglie alipendekeza kwamba hata elektroni ina wimbi, na mwaka 1927 Davisson na Germer walilithibitisha kwa kuzirusha elektroni kwenye fuwele ya nikeli. Mwaka huohuo Werner Heisenberg akaonyesha gharama yake. Elektroni ambayo kasi na uelekeo wake vinajulikana kikamilifu ni wimbi bapa, na wimbi bapa liko sawasawa kila mahali. Ukiuliza elektroni hiyo iko wapi, hakuna jibu.

Ili kuiweka mahali pamoja, inabidi uchanganye mawimbi bapa mengi yenye urefu tofauti kutoka kilele hadi kilele, yajengane pale unapotaka na kufutana kwingineko. Hesabu za mchanganyiko huo zilikuwapo tayari: Joseph Fourier alizichapisha mwaka 1822 akishughulika na joto, na zinafaa kwa wimbi lolote lile.

Zinatumika hata hapa kwetu, kwenye vyombo vya utafiti vinavyohesabu samaki kwa sauti. Sauti majini huenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo mlio ulioshuka hadi sakafu iliyo mita 60 chini hurudi baada ya sehemu 8 za sekunde iliyogawanywa mara 100. Mlio wa milisekunde 1 una urefu wa mita 1.5 ndani ya maji. Sangara wawili walioachana kwa chini ya sentimita 75, mmoja juu ya mwenzake, watarudisha mwangwi mmoja na kuhesabiwa samaki mmoja. Kuwatenganisha kunahitaji mlio mfupi zaidi, na kadiri unavyoufupisha ndivyo unavyolazimika kuchanganya mawimbi bapa yenye urefu wa aina nyingi zaidi, kama ilivyo kwa elektroni ya Heisenberg.