Je, wajua kwa nini mwimbaji mahiri akisahau maneno wimbo hausimami?

Mwezi Februari 1960, Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazi wa Marekani, alipanda jukwaani mjini Berlin na, kabla ya kuanza wimbo mmoja, akasema anatumaini atayakumbuka maneno yote. Hakuyakumbuka. Alipofika katikati maneno yalimpotea, lakini hakunyamaza: aliendelea na mdundo uleule, akatunga mengine papo hapo, akawaeleza watazamaji kwa kuimba kwamba amesahau, kisha akaiga sauti ya mikwaruzo ya Louis Armstrong, mwimbaji na mpiga tarumbeta wa jazi. Rekodi ya onyesho hilo ilimpatia tuzo za Grammy.

Kisa hiki kina manufaa ya pekee kwa msomaji wa Moshi, mji ambao watu wengi wanaishi kwa kazi ya kuongoza wageni Kilimanjaro, kazi inayofanana na jukwaa kuliko wengi wanavyodhani.

Sababu ya kwanza ni kwamba binadamu hawezi kuyazingatia mambo mengi kwa wakati mmoja. Anayejifunza udereva hunyamaza kila anapobadilisha gia, ilhali dereva mzoefu wa Moshi hadi Arusha hubadilisha gia, hukwepa bodaboda na kubishana na kondakta kuhusu chenji, vyote kwa pamoja, kwa kuwa mikono yake haihitaji tena kuamriwa. Vivyo hivyo Ella: mdundo na pumzi vilikuwa vimekwisha kuingia mwilini, kwa hiyo maneno yalipokimbia akili yake ilikuwa na nafasi ya kutunga mengine. Anayesema kwamba msanii huyo alikuwa na kipaji tu anasahau miaka ya mazoezi iliyoifungua nafasi hiyo.

Sababu ya pili iko nyuma ya mwimbaji, mahali ambapo watazamaji wengi hawaangalii. Wapiga vyombo hawakusimama kumsubiri, na mdundo wao ndio uliokuwa sakafu ya kukanyagia. Mlimani sakafu hiyo ni waongozaji wasaidizi na wapagazi. Wakishazoeana, mmoja huushika mwendo wa mbele huku mwenzake akimshughulikia mgeni aliyebaki nyuma, bila mtu kupaza sauti.

Tena watazamaji hawana karatasi ya maneno mkononi. Hali ya wimbo wanaisoma usoni mwa mwimbaji. Safari ya kileleni kutoka kambi ya Kibo, mita 4,720, huanza karibu na usiku wa manane, na mgeni anayeelekea mita 5,895 gizani haijui njia. Anachokijua ni hatua za mtu aliye mbele yake. Mwongozaji akiharakisha kwa wasiwasi, wasiwasi huo hushuka mstari mzima.

Hapa ndipo wengi, kwa maoni yangu, hulichukua somo visivyo: hudhani umahiri ni kuficha kosa. Ella hakuficha, alilitamka, ila ndani ya mdundo. Mwongozaji anayesema kwa sauti tulivu, "Tumepita njia siyo, tunarudi hatua chache," hupoteza imani ya wageni kidogo sana kuliko yule anayenyamaza huku akimulika tochi huku na huko.

Mfano huu una mpaka wake, nao si mdogo. Wimbo unaweza kumalizwa kwa maneno ya kubuni, bali mgeni anayepepesuka au kuchanganyikiwa kwa sababu ya kimo hapaswi kupandishwa hata hatua moja zaidi. Huteremshwa mara moja, hata kama kilele kinaonekana.

Kwa anayetaka kujifunza, kumbi za harusi za Moshi na Arusha zinatosha. Bendi inapopiga, aketi pembeni, karibu na mpiga ngoma, asimtazame mwimbaji bali awatazame wapiga vyombo: macho yao huinuka kidogo kabla ya badiliko, na kosa linapotokea huinuka mapema zaidi, wakati ukumbi mzima ungali unacheza.