Miaka 15, namba za kidijitali na injini ya kubadilisha: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

Tangu sheria ya usalama barabarani ya Uganda irekebishwe mwaka 2018, na zaidi tangu namba za kidijitali zianze kutolewa, gereji za Kampala hazijaishiwa maneno. Mengine humfanya mtu auze gari zuri kwa hofu. Mengine humfanya anunue gari ambalo halitapata namba hata angoje vipi. Wapenda magari ya zamani ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu gari wanalolitaka ndilo lililo karibu na mpaka wa sheria.

Dhana: Gari likifikisha miaka 15 linaondolewa barabarani.

Hapana. Kinachokatazwa ni kuliingiza nchini gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Gari lenye namba za Uganda tayari halikuguswa: linauzwa, linahamishwa jina, linaendeshwa. Toyota Mark II GX100 ya mwaka 1998 yenye logibuku (kitabu cha usajili wa gari) safi ni halali leo kama jana. Tatizo ni kwamba nyingine haiji. Anayeikata GX100 isiyo na kutu ili auze milango na taa, anakata kitu ambacho Mombasa haitakileta tena.

Dhana: Miaka huhesabiwa tangu gari liliposajiliwa mara ya kwanza Japani.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Sheria inataja kutengenezwa. Gari linaweza kutoka kiwandani Oktoba, likakaa yadi, likasajiliwa Februari ya mwaka unaofuata. Muuzaji atatangaza mwaka wa pili, na karatasi ya kufutia usajili wa Japani itamuunga mkono, kwa kuwa inaonyesha usajili wa kwanza.

Wapo wanaosema: soma herufi ya kumi ya namba ya chasisi. Kanuni hiyo ipo (9 ni 2009, A ni 2010, B ni 2011), lakini ni ya namba zenye herufi na tarakimu 17 kwa jumla, na hata huko watengenezaji wengi huifuata kikamilifu kwa magari ya soko la Marekani tu. Gari la soko la Japani halina namba hiyo kabisa. Lina msimbo wa modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo, kwa mfano GX100 na tarakimu saba. Humo hamna mwaka. Mwaka unapatikana kwa kuiingiza namba nzima kwenye kumbukumbu za mtengenezaji.

Ukiwa mbele ya gari lenyewe, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Karibu na sakafu kuna kitambaa kidogo kilichoshonewa, chenye tarehe ya kutengenezwa kwa mkanda. Angalia yote, ya mbele na ya nyuma. Mmoja ukitofautiana, huenda ulibadilishwa baada ya ajali. Yote ikisema 2011 na muuzaji anasema 2013, usilipe kwanza. Mkanda si ushahidi mbele ya ofisa wa forodha, ila unakwambia kama kuna swali la kuuliza.

Na usinunue gari lililo ukingoni. Meli kutoka Japani hadi Mombasa huchukua wiki kadhaa, na bado kuna bandari na barabara hadi Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Gari lililonunuliwa Novemba linaweza kuzeeka mwaka mzima likiwa baharini.

Dhana: Kama Uganda inakataa, lipitishe kwa jirani.

Kenya inakataza magari yaliyozidi miaka 8, kwa hiyo mlango huo ni mwembamba kuliko wetu. Tanzania haikatazi, inayatoza zaidi magari yaliyozeeka, na hapo ndipo wajanja hutaja Mutukula, mpaka wa Tanzania na Uganda. Lakini umri hauanzi upya mpakani. Gari lililotembea Mwanza miaka minne likija kusajiliwa Uganda linahesabiwa tangu kiwandani. Kuliendesha kwa kibali cha muda ni jambo jingine, na kibali kina mwisho.

Vivyo hivyo na bodi tupu iliyoingia "kama vipuri". Usajili wa kwanza unadai karatasi za forodha za gari. Karatasi ya vipuri haizai logibuku.

Dhana: Nimelinunua rahisi, ushuru utakuwa mdogo.

Kwa magari yaliyotumika, Mamlaka ya Mapato Uganda (URA) ina orodha yake ya thamani, na risiti yako ya mnada haiwalazimishi. Kisha kuna tozo ya mazingira. Mabadiliko ya 2018 yaliiweka asilimia 50 ya thamani ya gari pamoja na bima na usafiri, kwa gari la abiria lenye miaka 9 au zaidi. Thamani hiyo ikiwa shilingi milioni 20, tozo hiyo peke yake ni milioni 10, kabla ya ushuru wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18 na mengine. Ndiyo maana gari la miaka 12, ingawa linaruhusiwa, mara nyingi halifai kwa hesabu.

Dhana: Injini ni kipuri kama shokomzoba, haihitaji karatasi.

Logibuku ina namba ya injini, ukubwa wake na rangi ya gari. Ukitoa injini ya 1G-FE ya cc 1,988 ukaweka 1JZ-GTE ya cc 2,491, logibuku imeanza kusema uongo. Hutajua mpaka siku ya kuuza, siku ya ajali, au siku polisi wanapofungua boneti.

Kazi huanza Kisekka, soko la vipuri la Kampala, kabla ya kulipa. Taka risiti yenye namba ya injini, si "injini moja" tu, na nakala ya karatasi ya kuingizia mzigo kutoka kwa mwenye duka. Ipige picha namba ikiwa injini bado iko chini. Ya Subaru EJ20 imegongwa juu ya bloku, pale injini inapokutana na gia boksi, na ikishafungwa utaitafuta kwa kioo na tochi. Namba ikiwa na kutu, tumia brashi ya waya ya mkono na mafuta ya taa, kisha sugua chaki ili tarakimu zionekane. Usiguse na grinda. Alama ya grinda juu ya namba inafanana na kazi ya mwizi, na mkaguzi hana namna ya kuzitofautisha.

Baada ya hapo ni ombi la kubadilisha taarifa za gari, ukaguzi wa mkaguzi wa magari wa polisi, malipo, na logibuku mpya. Usajili ulikuwa URA, sasa umehamia Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, kwa hiyo fundi anayekutuma dirisha la zamani hajapita huko karibuni. Mjulishe na wa bima. Fomu iliyoandikwa cc 2,000 juu ya gari la cc 2,500 ni sababu tosha ya kukuzungusha.

Rangi ina utaratibu huohuo. Stika iliyofunika gari jeusi zima ikawa kijani ni rangi mpya machoni mwa anayesimamisha magari, ingawa chini yake nyeusi ipo.

Dhana: Namba za zamani zimekufa.

Namba za kidijitali zilianza na magari ya serikali Novemba 2023, na mwaka 2025 zikafika kwa magari mapya ya watu binafsi. Magari ya zamani yaliwekewa ada ya kubadilisha ya shilingi 150,000, pikipiki 50,000. Ukweli mmoja hausemwi gereji: namba hizi zina kifaa cha kufuatilia gari na zimekusudiwa zisibanduliwe ovyo. Anayezoea kushusha bampa kila mwezi aamue kwanza namba itakaa wapi. Bampa ya kisasa isiyo na sehemu bapa ya namba, na intakula (kipoza hewa ya injini) iliyofunika pale katikati, zipimwe kabla ya siku ya kufungiwa.

Dhana: Kuna leseni ya barabara ya kila mwaka.

Ilifutwa zamani, gharama ikahamia kwenye mafuta. Mwaka 2021 lilikuja pendekezo la shilingi 200,000 kwa gari, Bunge likalikataa. Anayekudai stika hiyo njiani, mwombe risiti.