Kupima atomu kwa chubwi la risasi

Machubwi ya risasi (ile metali nzito) wanayofunga wavuvi wa Nungwi na Wete, Zanzibar, kwenye mishipi yao, pamoja na mizani ya maabara ya skuli na maji ya bomba, yanatosha kukadiria ukubwa wa atomu moja. Hadubini haihitajiki.

Chukua machubwi mapya yenye jumla ya gramu 200 hivi, uyapime yakiwa makavu. Tia maji kwenye silinda ya kupimia ya mililita 100 mpaka alama ya 50, kisha yateremshe moja moja kwa uzi mwembamba. Yakidondoshwa hurusha maji nje, na silinda ya kioo huweza kupasuka kitako. Soma usawa wa maji jicho likiwa sambamba na sehemu ya chini ya mbonyeo wa maji. Ukipata 67.6, ujazo wa risasi ni 17.6 cm³, na densiti, yaani gramu zilizomo katika kila cm³, ni 200 ÷ 17.6, sawa na 11.4 g/cm³. Majedwali yanaonesha 11.34 kwa risasi safi. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni, maana risasi ni sumu, na darasani isiyeyushwe kabisa.

Sasa hesabu. Moli, kipimo cha wanakemia cha kuhesabia atomu, moja ya risasi ina gramu 207.2, kwa hiyo inachukua 207.2 ÷ 11.34 = 18.3 cm³. Ndani yake zimo atomu 6.022 × 10²³, hivyo kila atomu ina nafasi ya 3.03 × 10⁻²³ cm³. Tuichukulie nafasi hiyo kuwa kisanduku chenye pande zote sawa. Upande mmoja ni kipeuo cha tatu cha ujazo huo. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokwama, kwa sababu 23 haigawanyiki kwa 3. Andika upya 30.3 × 10⁻²⁴: kipeuo cha tatu cha 30.3 ni 3.12, na cha 10⁻²⁴ ni 10⁻⁸. Jibu ni 3.12 × 10⁻⁸ cm, sawa na nanometa 0.312 (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya meta).

Vipimo vya eksirei vinaonesha kwamba atomu mbili jirani za risasi zimeachana nanometa 0.350, kutoka kitovu hadi kitovu. Tofauti hiyo haitokani na mizani. Atomu za risasi hazikai visandukuni; zimepangwa kama machungwa ya muuzaji hodari pale sokoni Darajani, kila tabaka likikaa kwenye vibonde vya tabaka la chini, na kila atomu ikizungukwa na majirani 12. Kwa mpangilio huo upande wa kisanduku huzidishwa kwa 1.122, na 0.312 inakuwa 0.350.

Vipi kuhusu makosa ya kupima? Kiputo cha hewa kikinasa kwenye tundu la chubwi, ujazo huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Machubwi yaliyotengenezwa kwa vyuma chakavu mara nyingi huwa na mchanganyiko, na densiti yake hushuka. Lakini kipeuo cha tatu kina huruma: densiti ikikosewa kwa asilimia 10, ukubwa wa atomu hukosewa kwa asilimia 3 tu au zaidi kidogo.

Watu wengi hudhani kuwa metali nzito lazima iwe na atomu nzito. Atomu ya risasi ina uzito zaidi kuliko ya dhahabu, gramu 207.2 kwa 197.0 kila moli, lakini densiti ya dhahabu ni 19.3. Moli ya dhahabu inatosha kwenye 10.2 cm³, karibu nusu ya nafasi ya risasi. Pete ya sonara lakini haifai kwa hesabu hii, kwani kwa kawaida imechanganywa na shaba au fedha.

Chumvi ya mashamba ya Pemba inafaa, kwa masharti mawili. Usitumie maji, maana itayeyuka. Tumia mafuta ya taa, mbali na moto. Na usipime ujazo wa chumvi iliyorundikwa kavu, kwa sababu baina ya chembe mna hewa. Densiti ya chembe zenyewe ni 2.16 na moli ni gramu 58.4, yaani 27.0 cm³. Kila jozi ina ioni mbili (atomu zenye chaji ya umeme), ya sodiamu na ya kloraidi, kwa hiyo gawa kwa mara mbili ya 6.022 × 10²³, kisha tafuta kipeuo cha tatu. Utapata nanometa 0.282, ambao ndio umbali halisi baina ya ioni hizo. Hakuna cha kuzidisha kwa 1.122, kwani ioni za chumvi kweli zimekaa kwenye visanduku.