Mtego wa minki haufungwi ardhini kwa kupimia nguvu za minki

Wapo wategaji wa Marekani wanaoamini kwamba minki, mnyama mdogo wa manyoya wa kando ya maji, wa kilo 1 hivi, akinaswa mguu atazuiwa na kijiti kinachoshikilia mnyororo wa mtego, kilichochomekwa kwenye tope la kijito, na kwamba hicho kinatosha. Hakitoshi. Rakuni, mnyama mwingine wa Amerika, hupita ukingo uleule, akipapasa majini kutafuta kamba wa mtoni, na mtego hauchagui wa kumnasa. Huyo ana kilo 5 hadi 10. Huvuta kwenda juu, huzunguka, hutikisa kijiti mpaka tundu lipanuke, kisha huondoka na mtego mguuni; mateso yanayozuilika kabisa.

Badala ya kijiti, tumia nondo ya milimita 12, urefu sentimita 60. Tope likiwa laini, pigilia mbili zikipishana kama X. Mnyororo uwe na kiungo kinachozunguka, la sivyo utajisokota.